Sista, huo mpira si mnautumia kwa kila mtu?

"Sista habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, nabeba mzigo Dar kwenda Tunduma, nina miaka 46. Huu mwezi wa tatu naona damu kwenye haja kubwa, mara nyekundu kabisa, mara imechanganyika na kitu kama kamasi. Nikajua ni bawasiri sababu ya kukaa sana kwenye siti, duka la dawa wakanipa dawa ya kuingiza na ya kupaka, ikapungua ikarudi. Siku hizi choo kinatoka chembamba na mkanda nimeuvuta matundu mawili. Nilipiga ultrasaundi ya tumbo wakasema safi. Juzi daktari kanipima kwa kidole akasema bawasiri ndogo ipo ila lazima nikafanye kolonoskopi, kile kipimo cha mpira wenye kamera unaoingizwa njia ya haja kubwa, na kaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Nimeuona huo mpira kwenye simu, sista ule ni mrefu kuliko mimi! Kwanza si mnautumia kwa watu wote, nikipata ukimwi je? Pili si unaweza kutoboa utumbo? Tatu kuna jamaa kijiweni kasema mwanaume akishaingizwa kitu hicho hafai tena, wakacheka wote. Nasikia kuna kamera ya kumeza, kuna na CT, si bora hizo? Niambie ukweli usinifiche."

Kaka yangu, habari za kazi nzuri, na asante kwa kuandika bila kuzunguka maana wanaume wengi wanaokuja kwangu huwa wanaanza na "nina rafiki yangu anasumbuliwa", nikishamaliza kueleza yote ndo ananong'ona kwamba rafiki mwenyewe ni yeye. Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi, yaani vipimo vya kamera za kuingiza mwilini, huu mwaka wa 14. Anayeendesha ule mpira ni daktari, ila anayeuandaa asubuhi ni mimi, anayekushika tumbo ukiwa umelala ni mimi, na anayeuosha ukitoka ni mimi, kwa hiyo hapo kwenye swali la kwanza umemfuata mwenyewe.

Ila kabla sijafika huko. Maswali yako yote yanahusu mpira. Wewe umeogopa mpira, mimi nimeogopa mkanda. Mtu wa miaka 46 anatoka damu miezi mitatu, ina kamasi, choo kimebadilika umbo, kilo zinapungua bila yeye kutaka na daktari kaona damu imeshuka mpaka kaandika vidonge, huyo hata kama bawasiri anayo lazima aangaliwe ndani. Sijasema una saratani, usije ukanielewa hivyo ukashindwa kulala. Wengi wanaokuja kwetu na damu tunakuta vitu vingine kabisa, bawasiri zenyewe, vidonda vya amiba, ukuta wa utumbo uliovimba na kuchubuka tu, au vinyama vidogo ambavyo tunavitoa siku hiyohiyo. Lakini huwezi kujua ni kipi kwa kukisia ukiwa dirishani duka la dawa. Na bawasiri kuonekana sio jibu, ukikuta mende jikoni haina maana panya hayupo.

Na hiyo ultrasaundi iliyosema safi, nayo inabidi tuiongelee kidogo maana imewachelewesha wengi sana. Ultrasaundi inatumia mawimbi ya sauti, na sauti haipiti vizuri kwenye gesi. Utumbo mpana umejaa gesi na kinyesi. Kwa hiyo walichokwambia kiko safi ni ini, figo, nyongo, kibofu na tezi dume, ndani ya utumbo hakuna aliyeingia. Sio kwamba walikudanganya, kipimo kilikuwa cha kitu kingine.

Haya, vifaa sasa. Na kwa kuwa we ni mtu wa barabara ngoja nikueleze kibarabara. Chukulia utumbo wako mpana ni njia ya Dar mpaka Tunduma. Urefu wake ni kama mita 1 na nusu. Tundu la haja kubwa ndo Dar. Unapanda upande wa kushoto wa tumbo mpaka chini ya mbavu karibu na wengu, unakata kona kali, unavuka kwenda kulia mpaka chini ya ini, unakata kona nyingine unashuka mpaka chini kulia pale kilipo kidole tumbo, na hapo ndo Tunduma. Tena pana mlango kabisa kama geti la mpakani, ukivuka uko Nakonde, yaani utumbo mwembamba, nchi nyingine na mambo yake.

Sasa kidole cha daktari kimefika Kibaha. Sio dharau, kidole ni kipimo kizuri na wala hakina gharama, ila ni sentimita 7 au 8 basi. Baada ya kidole kuna kibomba kifupi kinaitwa proktoskopu, cha chuma au cha plastiki cha kutumia mara moja na kutupa, kinaenda sentimita 7 mpaka 10, tuseme Mlandizi. Hicho ndo kifaa cha bawasiri, na kwa bawasiri kiko vizuri kuliko hata huo mpira mrefu unaouogopa. Halafu kuna sigmoidoskopu ngumu, bomba lililonyooka la sentimita 25 hivi, hapo umepita Chalinze unaitafuta Morogoro. Kuna sigmoidoskopu laini ya sentimita 60, hiyo inapita Mikumi inasimama Kitonga, ule mlima wa kona kali, na nimesema Kitonga makusudi maana ile kona ya wengu ndo Kitonga yenyewe. Iringa, Makambako, Mbeya, kote huko hakujaonekana. Na uvimbe ukikaa upande wa kulia damu yake inasafiri mpaka inachanganyika na choo huioni kwa macho, unachoona ni mtu anachoka, anapauka, anaongezewa damu na hakuna anayejua inaenda wapi. Ndo maana daktari hakukuandikia kifaa kifupi. Kolonoskopu, yaani huo mpira, ndo inafika mpakani.

Hiyo uliyoiona kwenye simu kuwa ndefu kuliko wewe, nusu yake ni waya mnene unaoenda kwenye mashine ya taa na picha, hauna uhusiano na mwili wako. Sehemu ya kuingia ni sentimita 130 mpaka 170 kutegemea aina, na hata hiyo haiingii yote. Daktari akiinyoosha vizuri anafika mwisho na sentimita 70 mpaka 90 tu, kwa sababu utumbo unajikunja juu ya mpira kama mkono wa shati unavyopandishwa. Unene ni milimita 12 au 13. Chukua rula ya mtoto upime kidole chako cha shahada halafu uniambie kipi kinene. Hicho choo chenyewe siku za afya yako kilikuwa kinene kuliko mpira.

Mdomoni pana kamera ndogo, taa, kitundu kinachorusha maji kusafisha kioo (ndo waipa yetu hiyo) na tundu lingine la milimita 3 na kitu ambalo ndo la kazi, humo tunanyonya uchafu na humo tunapitisha vifaa. Kwenye mkono wa daktari kuna magurudumu mawili yamepandana, kubwa la juu na chini, dogo la kushoto na kulia, na ule mdomo unaweza kugeuka mpaka ukaangalia ulikotoka. Watengenezaji wakubwa ni Wajapani, Olympus, Fujifilm na Pentax, kwa hiyo kifaa utakachokikuta hapa nchini mara nyingi ndo hichohicho wanachotumia wenzetu Ulaya.

Zamani haikuwa hivi aisee. Mwaka 1806 huko Frankfurt daktari mmoja anaitwa Philipp Bozzini alitengeneza kibomba cha kuchungulia ndani ya mwili chenye mshumaa, mshumaa kabisa unaowaka. Baada yake ikawa vyuma vilivyonyooka miaka na miaka, na utumbo haujanyooka, kwa hiyo walikuwa wanaishia Chalinze wote. Mpaka miaka ya 1950 na 1960 ndo zikaja nyuzi za kioo zinazopinda pamoja na mwanga wake. Halafu mwaka 1969 pale hospitali ya Beth Israel, New York, madaktari wawili William Wolff na Hiromi Shinya wakapitisha kitanzi cha waya ndani ya mpira wakakata kinyama bila kupasua tumbo la mtu. Hapo mpira ukaacha kuwa wa kuangalia tu ukawa wa kutibu. Maana saratani nyingi za utumbo mpana zinaanza kama kinyama kidogo kisicho na shida, kinakaa miaka mingi, mara nyingi kama 10, ndo kinageuka. Ukikikata mapema umemaliza habari yake.

Tuje kwenye ukimwi. Ni swali zuri na usiruhusu mtu akuone mjinga kwa kuliuliza. Ndiyo, mpira huo umeshatumika kwa wengine na kesho yake utatumika kwa wengine. Sasa nikwambie unapita wapi kabla haujafika kwako.

Ukitoka tu mwilini haujakauka, naufuta palepale pembeni ya kitanda na kuunyonyesha maji ya sabuni yapite kwenye tundu lake. Unaenda chumba cha kuoshea. Kule kitu cha kwanza naujaza upepo nauzamisha majini, naupindapinda mdomo huku nakodoa macho, yaani vilevile unavyotafuta pancha kwenye mpira wa ndani wa tairi. Ikitoka povu hata moja, skopu hiyo (ndo jina letu la huo mpira) inaenda kwa fundi haimgusi mtu. Usipovuja, nachukua brashi ndefu nyembamba naipitisha kwenye kila kitundu, inatokea upande wa pili na uchafu, naisugua, naipitisha tena, mpaka itoke nyeupe. Kuna siku inatoka safi mara ya pili, kuna siku ya tano. Hii hatua ya brashi ndo roho ya kazi yote, kwa sababu dawa haiui kilichojificha chini ya uchafu. Nasuuza, nauzamisha wote kwenye dawa ya kuua vijidudu, na kwa sindano kubwa nasukuma dawa mpaka ijae vitundu vyote. Dawa yenyewe tunaipima nguvu kwa kijikaratasi kinachobadilika rangi, ikiwa imechoka inamwagwa. Kwa tunayotumia sisi ni dakika 20 za saa ya ukutani, sio za kukadiria. Nasuuza tena, napitisha spiriti, napuliza hewa ikauke, natundika wima kabatini. Sehemu nyingine wana mashine inayofanya hatua ya dawa na kusuuza, ila brashi ni mkono wa mtu popote pale.

Watu huuliza kwa nini msiuchemshe tu. Hauchemshiki, joto la otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, linaanzia nyuzi 121, gundi na kamera vyote vingekufa siku ya kwanza. Lakini kile kikoleo kinachong'ata kipande cha nyama kupeleka maabara, kwa kuwa kinakata mpaka damu, hicho ama kinaingia otoklevu ama ni kipya cha kutumia mara moja na kutupa. Virusi vya ukimwi ni dhaifu sana nje ya mwili, havivuki hatua hizo. Homa ya ini B ni mbishi zaidi ila nayo haivuki. Kinachonikosesha usingizi mimi ni bakteria kwenye skopu iliyohifadhiwa mbichi, haijakauka. Na ukifuatilia sehemu ambazo watu walishawahi kuambukizwa kwa skopu, mara nyingi unakuta kuna hatua mtu aliiruka.

Zinarukwa, nisikufiche. Niliwahi kufanya kazi sehemu fulani sitaitaja, tulikuwa na skopu moja na foleni mpaka nje, mkubwa mmoja akaniambia sista dakika 5 zinatosha watu wanasubiri. Nikamwambia basi zamisha mwenyewe na uandike jina lako kwenye daftari. Hakuandika, na wagonjwa wawili wa mwisho tukawaambia warudi kesho, wakanitukana kweli. Ndo maana nakwambia unapoenda uliza. Uliza mna skopu ngapi. Kuosha vizuri kunachukua karibu saa nzima, kwa hiyo kama ni moja na wagonjwa 10 asubuhi hesabu unaiweza mwenyewe. Uliza daftari la usafi lipo, na kikoleo wakifungue kwenye pakiti ukiwa unaona. Anayefanya kazi yake vizuri hakasiriki, mimi nikiulizwa nafurahi hata.

Kutoboa utumbo. Inatokea, ni mara chache, chini ya mtu 1 kwa kila 1,000 kama ni kuangalia tu, na inapanda kidogo pale kinyama kikubwa kinapokatwa. Damu baada ya kukata kinyama nayo hutokea, na inaweza kuchelewa mpaka wiki mbili, kwa hiyo kama utakatwa kitu usije ukapanda lori peke yako kesho yake kwenda kulala porini mbali na hospitali, msikilize daktari atakwambia upumzike siku ngapi. Nyingine ni dawa ya usingizi kushusha pumzi, ndo maana kidoleni tunakubana kile kidude cha kupima oksijeni na mimi macho yangu yako pale muda wote. Na ukweli wa mwisho hapa, kipimo hiki sio malaika, vinyama vidogo huwa vinapitwa, hasa kama tumbo halikusafishwa vizuri, ila hilo nitalirudia kwa sababu ni kazi yako sio yetu.

Maumivu hukuuliza ila najua unayawaza. Ukuta wa ndani wa utumbo hausikii kukatwa, kitanzi cha waya kinapita na umeme wake na hujui. Unachosikia ni kuvutwa na kujaa upepo. Mpira ukiwa chini kushoto, kabla ya kona ile ya kwanza, unapenda kujikunja kitanzi, unasukuma utumbo badala ya kusonga mbele, na hapo ndo mtu anakunja uso. Daktari anarudisha nyuma ananyoosha, mimi naweka kiganja tumboni nakandamiza kitanzi kisijirudie, wakati mwingine tunakugeuza ulale chali. Unakuwa umeshachomwa dawa ya kukulegeza na ya maumivu mshipani, wengi wanasinzia, sio nusu kaputi. Wengine wanaongea mpaka mwisho halafu hawakumbuki waliongea nini (siri zenu tunazo). Jumla ni dakika 20 mpaka 40. Kuingia ni safari tu, kazi yenyewe ni wakati wa kurudi, daktari anatoka pole pole anaangalia kila kunjo, na akitoka chini ya dakika 6 huyo amekimbia.

Kamera ya kumeza ipo kweli, ni kidonge kikubwa chenye kamera kinapiga picha kikipita. Tatizo la kwanza kinahitaji tumbo lisafishwe zaidi hata ya mpira, la pili hakikati wala hakichukui nyama, kikiona kitu bado utarudi kwetu, na la tatu ndo kubwa kwako, choo chako kimekuwa chembamba, maana yake huenda kuna sehemu imebana, na kidonge kikikwama pale umejiongezea ugonjwa. CT ya utumbo, ile ya picha za mionzi, ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, inakamata vinyama vya sentimita 1 na kuendelea vizuri tu, na kwa mzee dhaifu sana naweza nikaipendekeza mwenyewe. Lakini nayo unasafisha tumbo, na nayo, samahani, kuna kimrija wanakiweka kulekule kujaza hewa. Halafu wakikuta kitu, mpira. Kwa mtu mwenye dalili kama zako unalipa mara mbili. Kipimo cha kuangalia damu kwenye choo hasa ni cha watu wasio na dalili, wewe damu unaiona kwa macho, sasa kije kikwambie nini?

Utasikia pia kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Kuna daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, alifanya kazi hospitali ya Mulago kule Kampala miaka ya 1950 na 60, akaona magonjwa haya ya utumbo ni machache kwa watu wa vijijini wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi, na kwa wakati ule alikuwa sawa. Sasa we niambie mwenyewe mara ya mwisho umekula maharage na dona njiani ni lini, kama sio chipsi mayai na nyama choma kila kituo. Marekani tangu 2021 wanashauri hata asiye na dalili aanze kupimwa akifika miaka 45, na hapa kwetu wagonjwa wa chini ya miaka 50 nawaona kitandani sio wachache.

Uanaume nao. Kaka, unavaa kaptula yenye uwazi nyuma, unalala ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa, unafunikwa shuka, na macho ya wote chumbani yako kwenye skrini. Hakuna anayekutazama wewe. Ukitaka wahudumu wanaume sema mapema, zamu ikiruhusu tunapanga. Nguvu za kiume haziguswi na mpira huu, mishipa yake haipiti ndani ya huo mfereji. Nimehudumia wanajeshi, mashehe, wachungaji, mabondia, wote wanaingia na sura hizo na wote wanatoka wanauliza chai iko wapi.

Sasa kazi yako. Nusu ya kipimo inafanyika nyumbani kwako, chooni. Siku tatu kabla acha maharage, mboga za majani, mapera, nyanya, dona, karanga. Kula wali mweupe, sembe, samaki, mayai, kuku bila ngozi. Najua sembe ndo tunawakataza kila siku, siku hizo tatu nimeifungulia. Siku moja kabla ni vimiminika tu unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi, maji, strungi, madafu, supu iliyochujwa. Rozela usiguse wala soda nyekundu, rangi yake ndani inafanana na damu tutakimbizana bure. Vile vidonge vya kuongeza damu muulize daktari uvisimamishe lini, kawaida ni kama wiki moja kabla, vinafanya choo kuwa cheusi cha kunata kinashika ukuta kama lami. Unga wa kusafisha tumbo unachanganya na maji lita walizokuandikia, nusu jioni nusu alfajiri, na ile nusu ya alfajiri ndo watu wanaikwepa na ndo inayosafisha upande wa kulia. Chumvi yake inachosha, uweke kwenye friji na unywe kwa mrija. Usiunywee njiani, nakuomba, kuna mtu alinywa akiwa Chalinze akidhani atawahi. Umemaliza pale kinachotoka kinafanana na mkojo. Dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa kwenye mabasi achana nazo, na kama una presha, kisukari, figo au unatumia dawa ya kuyeyusha damu mwambie daktari kabla ya tarehe, sio asubuhi ile, kuna aina ya dawa za kuharisha zenye fosfeti zinaumiza figo.

Kitu kimoja usisubiri tarehe. Ukiacha kutoa hata ushuzi, tumbo likajaa na kukaza, ukaanza kutapika, usinywe huo unga kabisa, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Vivyo hivyo damu ikitoka nyingi ukasikia kizunguzungu ukisimama. Baada ya kipimo pia, gesi kidogo na tumbo kuunguruma ni kawaida, ila maumivu makali yanayoongezeka, homa au damu ya kumwagika unarudi.

Bei uliza ya jumla, maana kipande kikipelekwa maabara mara nyingi kinalipiwa kivyake, na kama una bima uliza kibali kinachukua siku ngapi. Kama ni safari moja ya Tunduma ndo inakuzuia, mpe turnboy mwenye leseni au mwambie tajiri ukweli.

Siku hiyo huendeshi chochote mpaka kesho yake, lori, gari dogo, hata bodaboda kukaa nyuma peke yako sikuruhusu, usingizi unarudi kwa kuvizia. Hatukuachii geti bila mtu mzima wa kukupeleka nyumbani. Mchukue yule jamaa wa kijiweni. Atakaa nje kwenye benchi kama masaa matatu anaangalia wanaume wenzake wanaingia na kutoka, na mimi nitampa yeye karatasi ya maelekezo ashike maana wewe utakuwa hukumbuki kitu. Umri wake ukiwa umefika 45 mwambie ajiandae, nitamuuliza na yeye.